Migongo ya Waume wa Watu

"Meza hiyo inatoka leo, Dada! Kuanzia sasa wateja wote ni imeili tu."

"Itoe basi, na mimi nikiwa juu yake!"

Hao ni wanangu wawili, ndani ya duka letu la magodoro. Mdogo ndiye mwenye duka. Mkubwa ni Bi Stempu, mwaka wa ishirini na mbili huu anawaandikia wateja barua kwa mkono. Kalamba stempu hadi ulimi umeshika gundi. Akikutukana, tusi linakaa wiki nzima halijabanduka. Mimi mama yao nilikuwa nimejilaza kwenye godoro la maonyesho, nalijaribu. Mwaka wa tatu sasa nalijaribu.

Bi Stempu hajui anwani ya mtu tu, anajua na kinachomkosesha usingizi. Akimwandikia fundi cherehani, humwuliza habari za kiuno. Mke wa dereva wa lori humwandikia, "Mgongo wa mume wako unaendeleaje?" ndipo amtajie godoro gumu lililoingia juzi. Siku ya pili mke huyo mlangoni, kamkokota mume, mgongo na vyote.

"Barua tano kwa siku!" mdogo akafoka. "Mimi jana nimebofya mara moja, watu mia nane wamepata."

"Wamepata nini?"

"Ile barua yako nzuri, ya mke wa dereva. Nimeinakili vilevile."

Bi Stempu akaketi. "Vilevile? Na mgongo wa mume?"

"Na mgongo."

"Wote mia nane? Na wajane?"

Mwanangu akaanza kuhesabu wajane kwa midomo. Mimi nikacheka hadi springi za godoro zikaitikia.

"Mama, usicheke!"

"Nisicheke vipi, baba? Umeozesha mji mzima kwa siku moja, padri mwenyewe hajaweza!"

Akashusha sauti. "Dada, waandikie za kuomba radhi. Mkono wako wanauamini."

"Niandikie wapi? Meza si inatoka?"

"Mama, mwambie."

"Mie nimelala."

Akakuna kichwa. "Haya, meza ibaki. Ila na imeili ibaki."

"Ibaki, itangaze bei na saa za kufungua. Migongo ya watu niachie mimi." Akavuta boksi la bahasha. "Tuanze na nani? Maana kuna mmoja nikimfikiria tu..."

Mlango ukafunguliwa. Sista mkuu wa nyumba ya watawa akasimama pale, simu mkononi, miwani nchani mwa pua.

"Nimekuja kuuliza," akasema, "huyo mume wangu yuko wapi?"