Nukta Nyekundu ya Baba

Juzi kijana mmoja alinipigia hodi hapa nyumbani Temeke, mikono myeusi kwa grisi, adabu tele. "Shikamoo bibi. Nimeambiwa marehemu baba yako alikuwaga anauza geji za magari ya Wazungu. Mie nafufua gari moja la zamani, la mbio, la watu wawili. Geji zote ninazo, imebaki ya joto tu." Nilimkaribisha ndani huku najua fika kwamba anayoitafuta imo kabatini mwangu, imefungwa kwenye kanga ya mama.

Enzi hizo Mwingereza bado anatutawala, na huku kwetu kulikuwa mashamba ya mihogo na nyumba za makuti. Wazungu wa mjini walipenda vile vigari vya mbio, vifupi, visivyo na paa, ila barabara zetu hazikuvipenda hata kidogo. Vikishavunjika, baba alikwenda kwenye gereji za Wahindi kununua dashibodi zake, akarudi nazo amezifunga nyuma ya baiskeli. Alizing'oa geji mojamoja, akazitundika kwenye ukuta wa baraza: za spidi, za mafuta, za joto. Kazi yangu na mdogo wangu wa kike ilikuwa kuzisugua pete zake kwa majivu na ndimu mpaka zing'ae. Hadi leo nikikamulia ndimu kwenye mchuzi namwona yule mtoto, vidole vimechubuka, anacheka peke yake.

Geji ya joto ina mrija mwembamba wa shaba, na mwisho wake kuna kichwa kinachoingia kwenye maji ya injini. Mteja akija, baba alimwagiza mama kikombe cha maji ya moto, akakitumbukiza kichwa kile, na mshale ukapanda mteja anaona kwa macho yake. "Mshale haudanganyi," alikuwa akisema, kwa majigambo. Tuliizoea kauli hiyo mpaka tukawa tunaambiana sisi wenyewe tukicheza.

Masika moja mdogo wangu akashikwa na homa. Jirani alileta majani ya mwarobaini, mama akayachemsha, lakini homa haikukoma. Ndipo baba akapata wazo ambalo hakuna baba mwingine Temeke nzima angelipata. Alichukua geji ya joto, akakibana kichwa chake kwapani mwake mwenyewe, na pale mshale uliposimama akatia nukta ya rangi nyekundu juu ya kioo. Hapo, alisema, ndipo pa mwenye afya. Kisha akampima mwanawe. Mshale ukaipita nukta, ukazidi kupanda.

Kesho yake asubuhi baba akatoa baiskeli ampeleke hospitali ya mjini. Mama alikwisha kumfunika mtoto kanga, mimi nimeshika chupa ya uji. Baba akasema ampime mara moja kabla ya kutoka. Safari hii mshale ulipanda ukakoma palepale kwenye nukta. Baba alicheka kwa sauti, akairudisha baiskeli ukutani.

"Mbona miguu yake ya baridi?" mama aliuliza.

"Homa imekatika, mama watoto. Mshale haudanganyi."

Adhuhuri akampima tena, na mshale haukuifikia hata ile nukta. Yeye aliona ni heri zaidi. Alikuwa barazani akimwonyesha mteja geji ya spidi mama alipopiga ukelele ndani. Tulimzika mdogo wangu siku ileile, baada ya alasiri.

Baba aliendelea kuuza geji, maana ndizo zilizotulisha, lakini hakumpimia mtu tena. Mteja alipewa kikombe apime mwenyewe, baba anaangalia barabarani. Ile yenye nukta alitaka kuitupa chooni, mama akamkatalia. "Hii ndiyo iliyomshika mwanangu mara ya mwisho," alisema, akaifunga kwenye kanga ileile aliyomfunika mtoto. Hakumlaumu baba hata siku moja, na nadhani baba angependa alaumiwe.

Sasa baraza ile haipo, wala mihogo haipo. Baba na mama wametangulia, na kaburi la yule mtoto limepotelea chini ya nyumba za watu. Waliojua kicheko chake wamekwisha, nimebaki mimi, na inaniuma kwamba nikiondoka ataondoka tena.

Nilimfungulia ile kanga, kijana akaigeuza geji mikononi. "Inafanya kazi, bibi? Tuijaribu kwa maji ya moto?"

Nilimwambia maji hayana haja. Nikakibana kichwa cha geji kwapani mwangu, tukangoja. Mshale ulijikongoja, ukapanda, ukaja kusimama kwenye nukta ya baba. Kijana akatabasamu, akatia mkono mfukoni kutafuta pesa.

Nikaitoa kwapani, na kabla mshale haujaanza kushuka nikaifunika kwa kanga ya mama.

"Siuzi, mjukuu wangu," nikamwambia.