Soda Nilizozikataa Mbele ya Wakwe

Nakiri: nilimwita jirani yangu tapeli mbele ya wageni, kumbe tapeli ni kidonge changu.

Kipandauso kilipozidi, daktari alinipa vidonge vya kukizuia. Akanionya kuwa vidole vitaingia ganzi na baadhi ya vitu vitabadilika ladha. Ganzi ikaja kweli, nikashinda ndani nikivichunguza vidole kana kwamba nimeviazima. La ladha nikalisahau.

Jumamosi watu wa Jilore wakaja kumposa binti yangu. Kwetu Kakuyuni mwenyeji huonja kwanza kinywaji cha mgeni, basi nikafungua soda nikaonja. Maji matupu! Nikafungua ya pili, ya tatu, zote zilezile. Wageni wanameza mate, binti yangu anainamisha kichwa, nami nampigia kelele Mama Kadzo, jirani yangu mwenye duka aliyeniuzia, aje achukue soda zake za utapeli.

Akaja, akafungua moja. Povu likaruka hadi kwenye shati la baba mkwe wa binti yangu. Mzee akainywa yote, akacheua kwa raha.

Mama Kadzo akanigeukia: “Dama, soda zangu ni nzima. Kilichoisha gesi ni ulimi wako.”