Nyasi ya Kupewa

Mjini Lodwar, ambako nyasi ikichomoza mbuzi huwa ameshaiona kabla yako, Nakiru alilipwa mshahara kwa kuotesha nyasi isiyotakiwa kuliwa. Majirani walilipokea jambo hilo kama walivyopokea mambo mengine ya gesti, nyumba ya wageni alikofanya kazi: wenye semina wana yao.

"Ejok, Mama Ekai," walimsalimu Nakiru kwa Kiturkana. "Nyasi yako imetoa maziwa?"

"Imetoa unga na sukari," aliwajibu. "Mbuzi yako imetoa nini mwaka huu?"

Kwa kuwa ulikuwa mwaka wa ukame, maongezi yaliishia hapo.

Alianza pale gesti kama mfagiaji. Mgeni mmoja kutoka Kitale alisahau chumbani shina la nyasi, limefungwa kwenye gunia lililoloweshwa, na Nakiru akalipanda kando ya lango badala ya kulitupa. Likakua shungi nene, majani membamba ya rangi ya zambarau, mashuke laini kama mkia wa mbweha. Alilizungushia matawi ya mathenge, ule mti wa miiba, maana mbuzi hawaheshimu mapambo. Alilimwagilia jioni, chini kabisa penye shina. Kila mwaka, kabla ya mvua kutarajiwa (na kutarajiwa ndiyo sehemu ya uhakika ya mvua ya Turkana), alilikata libaki kimo cha kiganja, nalo likachipua upya. Wageni wakaanza kupigia picha hapo. Meneja, Bwana Akoru, akamnyang'anya ufagio, akampa mabuti ya mpira na cheo cha mtunza bustani. Bustani yenyewe ilikuwa shungi hilo moja.

Ndipo akaja Abuk, Mdinka mwenye kibanda cha chai katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikuja na karatasi yake ya ruhusa kwa semina ya akina mama wa kanisa, akalala gesti siku tatu. Jioni zote tatu wawili hao walikaa langoni wakizungumza habari za ng'ombe, ambao hakuna kati yao aliyekuwa nao. Siku ya kuondoka, Abuk akaomba kipande cha nyasi.

Sasa, kwa Waturkana rafiki hapewi mbuzi kiwete. Hupewa jike changa litakalozaa, na siku wewe uliyetoa ukipatwa na shida unakwenda kwake, unaomba, unapewa. Nakiru akachukua panga, akalipasua shungi. Machipukizi ya pembeni, yale mabichi, akampa Abuk. Yeye akabaki na sehemu ya katikati, kwa fikira za mfugaji kwamba hapo ndipo mama alipo.

"Hii si zawadi," akamwambia. "Hii ni mbuzi jike."

Abuk akacheka hadi akashika kifua. "Dada, mimi Mdinka! Unanifundisha mimi ng'ombe ya kupewa? Kamba yake ni ndefu, lakini mwisho wa kamba uko mkononi mwako."

Nyasi ya namna hiyo, bahati mbaya, haijui desturi za wafugaji. Huzeeka kuanzia katikati. Ujana wake wote uko pembeni. Mwaka wa pili shungi la Nakiru likaota upara kama mzee wa baraza. Wa tatu likakauka.

Bwana Akoru akalizunguka mara mbili. "Semina kubwa ni mwisho wa mwezi. Kama hakuna bustani, mtunza bustani ni wa nini? Ufagio uko stoo."

Nakiru hakushtuka. Alikuwa na mbuzi wake Kakuma.

Alipofika, alikikuta kibanda cha Abuk kimezungukwa na mashungi ya zambarau pande zote, yananesa kwa upepo. Akapewa chai. Akasimulia yote huku akijicheka: alivyojiwekea katikati, na katikati ilivyomfia.

Abuk alisikiliza kwa makini kuliko ilivyohitajika. "Kumbe ya katikati inakufa?"

"Inakufa. Nipe ya pembeni, kidogo tu, nirudishe kazi yangu."

Abuk akamwongezea sukari ambayo hakuiomba. "Mama Ekai, hii yote nimeahidi watu. Na tena, dada, nyasi si mbuzi."

"Mwaka ule ilikuwa mbuzi."

"Mwaka ule tulikuwa tunacheka tu."

Nakiru akamaliza chai, maana kubakiza chai ya mtu si adabu, akarudi Lodwar na adabu yake.

Wiki iliyofuata pikapu iliingia gesti na mashungi kumi na mawili. Bwana Akoru aliyapokea kwa fahari ya mtu aliyegundua nchi.

"Kumbe zinapatikana Kakuma hapa! Mwenyewe Mama Abuk atakuja kila mwezi kuzitunza." Akamkabidhi Nakiru ufagio, bila ubaya wowote.

Nakiru akainama, akapindua shungi moja. Lilikuwa gumu, la kijivu, limechongwa kwa panga pande zote. Akapindua la pili, na la tatu. Yote yalikuwa ya katikati. Abuk alilishika somo mara moja, pale pale kwenye chai.

"Zitashika?" Bwana Akoru akauliza.

"Muulize mtunzaji," Nakiru akasema.

Kisha akafagia kuzunguka mashungi yale kumi na mawili, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayefagia uwanja wa matanga.