Siku Niliyopewa Kisu Mkononi

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi mitatu wazo lile liliponijia. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda katika lupango letu, ua wa nyumba yetu hapa Katuba, nakatakata matembele ya chakula cha mchana. Mtoto alikuwa amelala mkekani kando yangu, tumbo wazi, mikono ameitupa juu ya kichwa kama mtu aliyetoka kazini. Nilimtazama nikatabasamu. Palepale, bila hasira wala sababu, kichwa changu kikaniambia: kwa kisu hiki unaweza kumchoma.

Nilikitupa kisu. Kikagonga babula, jiko letu la makaa, makala ya moto yakatapanyika chini. Mama mkwe akatoka ndani mbio akidhani nimeungua.

"Ni nini, mama ya mutoto?"

"Nyoka," nikasema.

Hapakuwa na nyoka. Maskini, alimtafuta na fimbo kila pembe ya ua, na mimi nimesimama nimemkumbatia mtoto, kisha nikaogopa kumkumbatia, nikamlaza tena.

Sikujua kwamba mtu anaweza kushtushwa na kichwa chake mwenyewe. Wazo lilirudi jioni ile, likarudi kesho yake, na kila nilipolifukuza lilikuja na picha mbaya zaidi. Niliamini kwamba mama anayewaza hivyo ipo siku atafanya. Basi nikaanza kumlinda mtoto dhidi yangu. Visu vyote nilivifunga kwenye kitambaa nikavificha nyuma ya magunia ya makala. Nikawa napika sombe tu, maana majani ya muhogo hutwangwa, hayataki kisu. Kumwogesha nilimwachia mama mkwe. Nilimnyonyesha, kisha nikamrudisha haraka kama kitu cha kuazima. Majirani waliona, wakasema yule mke wa dereva hampendi mwanawe. Nami nilimpenda mpaka nikakosa pumzi.

Mume wangu anaendesha lori la mizigo, na mara nyingi wiki inakwisha angali kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Safari moja alirudi na mguu mzima wa mbuzi, akatafuta kisu nyumba nzima.

"Bisu biko wapi?"

"Walituibia."

"Mwizi gani anaiba bisu, anaacha redio?"

Alikwenda kuazima kwa jirani. Alipoingia nacho mlangoni nilipiga ukelele, mtoto akaamka analia. Mume wangu alisimama na kile kisu, macho yamemtoka, hajui aniogope au aniogopee.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa chanjo kwenye zahanati. Aliniomba nimpakate mtoto achomwe sindano. Nilipoiona ile sindano nikarudi nyuma hadi ukutani. Alimpa mwenzake mtoto, akaniita pembeni.

"Mama, unalalaka?"

"Hapana."

"Unaliaka?"

Nikaanza kulia. Alinishika mkono akanipeleka mwenyewe hadi ofisi ya mwisho, kwa mwanasaikolojia.

Nilimkuta mwanamke wa rika langu anamalizia mkate na avokado. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, kwani nikisema watamchukua mtoto na mimi watanifungia. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Madamu, ninawaza kumuua mutoto wangu. Sitaki, lakini ninawaza."

Hakushtuka. Aliuliza kama nasikia sauti zinazoniamuru, nikasema hapana. Aliuliza kama nimewahi kutaka kweli kumdhuru, au kujidhuru mwenyewe. Nikasema hapana, hata mara moja. Aliuliza wazo likija nasikia nini mwilini. Nikamwambia natetemeka, nataka kutapika.

"Bon," akasema. "Bamama wengi banapata mawazo ya vile. Banakaa pale penye umekaa, banatetemeka kama wewe."

Nilishtuka kuliko siku ya matembele. Tena nilimkasirikia. Miezi yote ile nimebeba kitu nikidhani ni mimi peke yangu duniani, na yeye anakitaja kama malaria!

Alinieleza polepole. Kichwa cha mtu hutupa mawazo ya kila namna kutwa nzima, na mengi tunayaacha yapite. Hili nililikamata kwa sababu linagusa kile ninachokipenda kupita vyote. Na kila nilipoficha kisu, nilikuwa nakifundisha kichwa changu kwamba hatari ni ya kweli. Hata rozari niliyokuwa nikisali kila wazo likija aliigusia. "Omba kwa sababu unamupenda Mungu," akasema. "Usiombe kwa kufukuza wazo." Mimi, binti wa Mkatoliki aliyefanya kazi reli, sikuwahi kuambiwa hivyo hata na padri.

Tulianza na mambo madogo. Nililitamka wazo lile kwa sauti, tena na tena, mpaka likaanza kunichosha. Kisha siku moja akatoa kisu mkobani, akaniwekea mkononi, akageuza kiti chake na kunipa mgongo.

"Madamu! Unafanya nini?"

"Uniambie, kitatokea nini?"

"Nitakuchoma."

"Bon. Tungoje."

Tulingoja. Jasho lilinitiririka shingoni. Yeye alitazama dirishani, akaniuliza samaki wa kukausha nawapika vipi, kama natia karanga. Nilimjibu huku meno yanagongana. Mkono ulitetemeka, ukatetemeka, kisha ukachoka.

"Wazo lilikuja?" akauliza, bado amenipa mgongo.

"Lilikuja."

"Na mukono ulifanya nini?"

Niliutazama mkono wangu. Haukufanya kitu.

Baadaye alitaka nije na mtu wa nyumbani. Mume wangu alikuwa safarini, nikaja na mama mkwe. Huyu ni mwanamke wa Kiislamu ambaye ukoo wake umetoka Maniema, hacheki ovyo, kitambaa chake cha kichwa hakijawahi kupinda. Nilisema yote nimeinamisha kichwa, hata uongo wa nyoka. Nilikuwa na hakika atainuka na kwenda kumnyakua mjukuu wake kwa jirani tuliyemwachia.

Alikinyoosha kitambaa chake cha kichwa. Kisha akauliza, "Kumbe wewe ni kisu?"

Sikuelewa.

"Mie ilikuwaka kisima," akasema. "Nikimubeba mutoto pale karibu, kichwa kinaniambia, mutupe. Nikaacha kuteka maji. Nilibadanganya bote kama muguu inaniuma. Bakanipakaa dawa ya muguu mpaka mutoto akatembea."

Mtoto huyo ni mume wangu.

Mimi nilimshika mama mkwe mkono, jambo ambalo sikuwahi kulithubutu, naye akaniacha niushike. Lile la kisima hajalisema tena hadi leo, wala mimi sijamuuliza.

Wiki hiyohiyo nilivitoa visu nyuma ya magunia. Vilikuwa vimeshika kutu. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, nikakata vitunguu. Mama mkwe alitaka kubaki ukumbini aniangalie, lakini madamu alikuwa amemkataza kunilinda, basi akatoka akaenda kwa jirani. Wazo likaja, likasimama palepale. Nikaliambia, sawa, nimekusikia, nikakata kitunguu cha pili. Mtoto akanivuta nywele. Nililia, na sikujua machozi ni ya nini.

Mume wangu nilimwambia mwishowe. Yeye hakulipokea vizuri. Alitoka akaenda kukaa ndani ya lori lake hadi giza lilipoingia, na kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akinitazama nikimvalisha mtoto, akidhani sioni. Iliniuma. Madamu aliniambia nimwache atazame, nisimfichie mtoto wala nisijifiche mimi. Ndivyo nilivyofanya. Sijui ni siku gani aliacha kunitazama. Asubuhi moja tu niligundua amelala fofofo, mtoto na mimi tunacheza kitandani.

Mwaka jana nilizaa tena, msichana. Nikiwa bado wodini, ghorofani, wazo likaja, safari hii la dirisha: mtupe. Moyo uliruka, sitasema uongo. Nikainuka na binti yangu mikononi, nikaenda kusimama pale dirishani, tukatazama watu wakipita chini na vyungu vya uji.