Maneno Nyuma ya Pikapu ya Kaimenyi

Pikipiki ikikupita pale Isiolo na kukuachia vumbi, soma madigadi yake kabla haijapotea. Utakuta neno, na neno hilo, mara nyingi, limetoka mkononi mwa Ekuam. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Heri adui mwerevu kuliko rafiki mpumbavu. Watu wa boda wanayapenda maneno ya namna hiyo, ya kupima hili na lile, na Ekuam anayo mengi. Kibanda chake cha mabati kiko ukingoni mwa mtaa wa Kiwanjani, na ndani hamna kitu isipokuwa mikebe ya rangi, brashi na kigoda. Aliishia darasa la sita, lakini herufi zake zimesimama wima kuliko za waliomaliza.

Neno moja la kupima hakuwahi kuliandika, ingawa alikuwa nalo kichwani miaka tisa.

Alilipata kijijini kwao Kipsing, siku ya ugonjwa wa mama yake. Mama aliugua ghafla, tumbo, na hapakuwa na gari. Wakamlaza juu ya ngozi kando ya njia, wakangoja. Saa nne hivi ikatokea pikapu ya Kaimenyi, mchuuzi wa miraa, kutoka mjini, imejaa majani hayo mabichi ya kutafuna, magunia juu ya magunia, na vijana watatu wamekaa juu. Ekuam akasimama katikati ya njia, akamwomba ageuze gari wampeleke mama hospitali.

Kaimenyi alimtazama yule mama. Akatazama jua. Kisha akasema, kwa tabasamu la mtu asiyetaka ugomvi, "Mzee, miraa ikilala imekufa. Mgonjwa akilala amepumzika. Nitamchukua nikirudi."

Vijana juu ya magunia wakacheka.

Na kweli alirudi, kesho yake mchana. Alikuta watu wanachimba kaburi. Akapunguza mwendo, akatazama, akaongeza mwendo.

Mchungaji alimwambia Ekuam asamehe, na Ekuam akaitikia amina. Amina ile ilitoka mdomoni tu. Alihamia mjini, akashika brashi, na kila alipopaka neno la mteja alikuwa akilipaka lile jingine moyoni, herufi kwa herufi, hata akajua litachukua nafasi gani kwenye ubao wa nyuma wa gari.

Mwaka huu Kaimenyi akanunua pikapu mpya, nyeupe, akaileta mwenyewe kibandani. Kitambi kimeota, kofia mpya. Hakumtambua Ekuam.

"Fundi, habari."

"Nzuri, tajiri."

"Niandikie hapa nyuma neno la kupima, kama yale ya pikipiki. Lakini lisiwe la kanisa. Liwe la kazi yangu, mtu akisoma aseme huyu anajua miraa."

"Ninalo moja. Limekaa muda."

"Lipake basi. Usiniharibie gari tu."

Ekuam alipaka kwa rangi nyekundu ya mafuta, akazungushia nyeusi. Kaimenyi aliporudi alisoma kwa kidole, polepole: MIRAA IKILALA IMEKUFA, MGONJWA AKILALA AMEPUMZIKA. Akacheka mpaka akaegemea gurudumu.

"Hii ni moto. Umetunga wewe?"

"Mimi naandika tu. Kuna mtu aliisema."

"Huyo mtu alikuwa na kichwa."

"Alikuwa na haraka," Ekuam akasema.

Gari lilipoondoka alisafisha brashi, akaenda kwa jirani yake Farhiya, mama wa chai. Akamweleza yote, ya Kipsing na ya siku hiyo. Hakuwahi kumweleza mtu. Farhiya akasahau chai ikafurika.

"Mama yako mzazi? Na sasa yeye anazunguka nayo mgongoni mwa gari?"

"Anazunguka nayo."

"Na anajua kusoma?"

"Anajua. Ameipenda."

Kwa Farhiya hunywa chai nusu ya mji. Siku ya tatu Kaimenyi aliposhuka garini kwenye soko la mifugo, dalali mmoja wa mbuzi, Duba, akamwita kutoka mbali, "Karibu, Amepumzika. Leo umebeba wagonjwa ama majani?" Watu wakacheka, naye akacheka nao. Jioni hakuna aliyemwita tena jina lake. Ndipo akauliza, akaambiwa.

Alikimbilia kwa Kirigia, fundi wa kabila lake, upande wa pili wa stendi. "Futa hii."

Kirigia akatia mikono mifukoni. Mafundi wa rangi wa pale wana sheria yao: mwandiko hufutwa na mkono ulioandika. Bila hivyo kila mmoja angekuwa anafuta kazi ya mwenzake, na wote walale njaa.

"Wewe ni mtu wetu, Kirigia."

"Mimi ni mtu wenu nikienda nyumbani. Hapa mimi ni fundi."

Kaimenyi akaning'iniza gunia juu ya maneno. Ikawa mbaya zaidi, watu wakawa wanafunua gunia wasome. Mwisho akaja kwa Ekuam, gari ameliacha mbali, kofia mkononi.

"Mzee, sikujua ni wewe."

"Sasa unajua."

"Yalikuwa maneno tu. Nilikuwa kijana. Ningejuaje kama atakufa?"

"Hukujua. Lakini ulipima."

"Sema unachotaka. Nitaleta mbuzi, tukae na wazee."

"Mbuzi sitaki. Mama yangu aliitwa nani?"

Kaimenyi akatazama mikebe ya rangi, kana kwamba jina limeandikwa huko.

"Ukiniletea jina lake, nafuta," Ekuam akasema. "Mimi sikuambii. Kaulize. Watu waliotoka Kipsing wamejaa hapa Kiwanjani, nyumba kwa nyumba. Watataka kujua unalitakia nini jina la marehemu, na wewe utawaeleza."

"Yote?"

"Yote. Na kama ulivyocheka juzi, usiache hiyo."

"Mzee, huku ni kulipiza kisasi."

"Ndiyo," Ekuam akajibu, kwa sauti ileile ya kumkaribisha mteja. "Ndiko."

Akachukua madigadi ya mtu, akaanza kupiga mistari kwa penseli. Alipoinua macho, Kaimenyi alikuwa amefika mlango wa kwanza, anabisha. Mama mmoja akatoka na povu la sabuni mikononi. Kaimenyi alisema naye akitazama chini. Yule mama akasikiliza kidogo, akamnyamazisha kwa mkono, akageuka kuwaita waliokuwa ndani waje nao wasikie, na yeye aanze upya.