Kaufiti Kaburini

Jirani yangu hapa mtaani Biwi anachoma magugu. Moshi wake unanirudisha kwenye shamba tulilokodi nje ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mahindi yalikuwa yamedumaa, na chini yake pamejaa maua madogo ya zambarau.

“Ni kaufiti, inanyonya mahindi,” mwenye shamba alimwambia mama. “Chomeni yote kabla haijamwaga mbegu.”

Tulichoma, ila kishada kimoja nilikificha. Nilikiweka juu ya kaburi la mdogo wangu, pembeni ya shamba, maana mama alisema kwetu Bukavu kaburi haliachwi bila maua.

Msimu uliofuata maua yalianzia kaburini yakaingia hadi katikati ya mahindi. Mama aliyatazama, kisha akanitazama mimi.

“Ngoa ya mu shamba,” akasema. “Ya mutoto uache.”

Mwaka ule tulilala njaa, na kaburi lilipendeza.