Wakati Uliopita wa Mama

Wakwe watarajiwa wa mdogo wangu walikuja nyumbani kutupa pole ya msiba wa mama.

Mama ndiye aliyewafungulia mlango.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza cha watu wazima. Darasa langu liko ghorofani, juu ya duka la rangi, na wanafunzi wangu huja wamechoka: madereva, wasusi, walinzi. Wananiita Madam Tensi, maana nikifungua mdomo ni nyakati za vitenzi tu. Jana, leo, kesho. Ndiyo kazi inayoniweka mjini.

Mdogo wangu ni muuguzi ng'ambo, na huko akapata mchumba. Wazazi wa mchumba hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Waliposema wanakuja kututembelea, baba akajiandikisha darasani kwangu.

Baba ni fundi friji mstaafu. Mbishi kama nati iliyoshika kutu.

"Mwalimu, usinipendelee," aliniambia mbele ya darasa zima.

Sikumpendelea, na kusema kweli alikuwa anashika haraka. Tatizo moja tu. Ukimwuliza habari za nyumbani, kila kitu alikitia wakati uliopita. Tulikula pamoja. Tuliongea. Nikamsahihisha mpaka kalamu nyekundu ikaisha wino. Nikajisemea, basi, mzee kanasa hapo, umri nao una mambo yake.

Mdogo wangu alitangulia kurudi nyumbani, kisha wakwe wakatua, wakafikia hotelini. Kijana wao alikuwa bado yuko njiani. Jioni wakampigia baba simu kumsalimia. Akajifungia chumbani, akatoka amenyooka kama askari wa gwaride.

"Tumeelewana," akasema.

Mimi kichwa kikavimba. Matunda ya kazi yangu hayo.

Kesho yake ndiyo mlango ukagongwa.

Mama mkwe alikuwa na gauni jeusi na shada la maua meupe. Baba mkwe, tai nyeusi. Mama alipofungua tu, yule mama akamwangukia kifuani akilia. Mama yangu Kiingereza hakijui, akadhani huko kwao ndivyo wanavyosalimiana. Akamkumbatia naye, akampigapiga mgongoni. Hata chozi likamtoka, kwa adabu tu.

Baba mkwe akaninong'oneza kwa Kiingereza chake, "Alikuwa anaumwa?"

"Nani?"

"Mama yenu. Baba yako alituambia jana. Tukampigia mdogo wako, akawa analia, hata kuongea hawezi."

Mdogo wangu akachungulia kutoka jikoni. "Nilikuwa nakata vitunguu," akasema.

Nikamwuliza mzee wa watu, baba alisema nini hasa. Akakumbuka neno kwa neno: "My wife was a good woman. She loved me. She laughed."

Mke wangu alikuwa mwanamke mwema. Alinipenda. Alikuwa anacheka. Hebu niambieni, nani atasikia hayo asinunue maua?

"Marehemu ndiye huyo," nikamwambia. "Anauliza kama mnatumia sukari."

Kikafuata kicheko. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi, ualimu ukanipanda. Nikasimama katikati ya sebule nikawaeleza kwamba baba ni mwanafunzi wangu, kwamba wakati uliopita umemnasa, kwamba wanafunzi wengi hukwama hapo. Nikamgeukia.

"Baba, rudia. Sema she is. She loves me."

Baba hakucheka.

"Hiyo naijua," akasema kwa Kiswahili. "Si ndiyo tulianza nayo?"

Ni kweli. Wakati uliopo ndio somo langu la kwanza.

"Sasa mbona hukuutumia?"

"Ulitufundisha huo ni wa mambo yanayotokea kila siku." Akaangalia kikombe chake. "Mama yako mara ya mwisho kucheka na mimi ni lini, mwalimu?"

Mama alikuwa amehamia chumba chetu cha zamani, akisema baba anakoroma. Akitaka kumwambia kitu, anamtuma yeyote aliyepo: mwambie baba yako chakula tayari. Sisi watoto tulikuwa tunafanya utani tu. Tulisema wazee wetu wana mkalimani.

Wakwe walikuwa bado wanatabasamu, wakisubiri tafsiri. Nikawasogezea biskuti.

Mama akaweka birika mezani, akamwangalia baba mwenyewe, si kupitia kwangu.

"Unataka kujua niliacha lini?"

"Nataka."

"Siku ya kumzika mama yangu. Watu wanarudi kutoka makaburini, wewe ndiyo unafika na boksi lako la spana. Friji ya bucha ilikushinda kuiacha." Akaligusa lile shada. "Hawa hawanijui hata jina. Na wamewahi."

Mikono yake inayofungua kila kitu ilikuwa imelala tu magotini.

"Nilikosea," akasema.

"Hukukosea," mama akamjibu. "Umekosea. Haijaisha."

Kwa miaka nimehangaika ubaoni kueleza hali timilifu, jambo lililotendeka zamani na bado limekaa nawe chumbani. Sijapata mfano unaoufikia ule.

"Kwa nini hukuniuliza siku zote hizo?" mama akamwuliza.

"Kwa Kiswahili ningeanzaje? Kwa Kiswahili ungenielewa."

Mama akaficha uso kwa kanga. Nikadhani analia. Mabega yalipoanza kumtikisika ndipo nikajua ni kicheko, kile cha kujizuia, ingawa machozi nayo yalikuwemo.

"What did he say?" baba mkwe akaniuliza.

Nikamwambia ni sarufi tu.

Uchumba ulipita salama. Nyumbani siku hizi wazee wanagombana uso kwa uso, kwa sauti, na kuna siku mama anamkumbusha friji ya bucha toka asubuhi mpaka jioni. Baba anakaa anasikiliza. Ananiambia ni nafuu.

Darasani bado nasahihisha, ndiyo kazi. Ila mtu akichanganya nyakati anapomtaja mkewe, au mumewe, au mwanawe, naiweka kalamu chini kwanza. Namwuliza kama amekosea, au amesema.